Risala za Mahafali

Je, mhitimu akiponyokwa na neno kali katika risala, huko Somanda au hapa visiwani, afukuzwe shule? Hasha! Lugha chafu hatuitetei. Lakini mahafali ya kidato cha nne hutangulia mtihani wa Taifa, na kumfukuza ni kumnyima mtihani.

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walimjia Mwalimu Nyerere na bango lisemalo afadhali ukoloni. Aliwarudisha makwao karibu 400. Hata hivyo, alikiri mishahara ya wakubwa ilizidi, akaupunguza wake kwa asilimia 20. Na wengi wao walipokewa tena 1967.

Mwalimu mkuu na amwonye kijana faraghani. Mgeni rasmi naye ajibu habari ya madawati, ambayo (tumeyaona haya) husahauliwa pilau ipakuliwapo.