Goa: Ulimwengu Uliolaani Ni Upi?

Majeshi ya India yalipoingia Goa tarehe 18 Desemba, 1961, magazeti mengi ya Uingereza na Marekani yalipiga kelele kwamba Nehru, mhubiri wa amani, amegeuka mvamizi. Yaliandika kana kwamba ulimwengu mzima umemlaani. Hebu tufanye hesabu: ulimwengu huo ni upi?

Katika Baraza la Usalama nchi 7 zilitaka India iondoe majeshi yake. Nchi 4 zilikataa: Urusi, Ceylon, Liberia na Misri. Urusi ikatumia kura yake ya turufu. Tazameni vizuri: Afrika ilikuwa na viti 2 tu, na vyote viwili vilikataa kumtetea Mreno. Je, sauti ya Afrika si ya ulimwengu? Au mwandishi akihesabu walimwengu huanza na Mzungu na kumalizia hapo hapo?

Mreno alikalia Goa tangu 1510. Mwaka 1951 alibadili katiba yake, koloni likaitwa “jimbo la ng’ambo”, ili apate kusema kwamba hana koloni. Mwaka 1955 watu wasio na silaha walivuka mpaka kwa amani kudai Goa. Askari wake wakawapiga risasi, wengine wakafa. Desemba 1960 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba nchi hizo ni makoloni. Salazar akaziba masikio. Na katika mwaka ule ule wa 1961, Waafrika waliuawa kwa maelfu huko Angola. Mbona kelele hazikuwa kubwa hivyo? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Sisemi kwamba vita ni jambo jema. Watu walikufa Goa. Lakini anayelaani siku 2 za mwisho na kunyamazia miaka 451 si hakimu. Huyo ni wakili wa Mreno.

Udikteta ulipoanguka Lisbon mwaka 1974, Ureno yenyewe ilikubali kwamba Goa ni ya India.

Basi ndugu, gazeti likiwaambieni “ulimwengu umeshtuka”, msiitikie haraka. Lisomeni pamoja katika tawi lenu, mhesabu kura, kisha mwulizane: waliohesabiwa ni akina nani, na sisi tumeandikwa wapi?