Hori ya Sur Inangoja Makasia

Kila mwaka chama chetu hufanya usiku wa mashairi, mdahalo na karamu. Ni vyema. Lakini sisi tulioandika makala haya tunaona wakati umefika wa kuongeza jambo la nne: mashindano ya kila mwaka ya kuvuta makasia katika hori ya Sur, baina ya wanafunzi wa Sur, Ibra na Nizwa, na amri zote chomboni zitolewe kwa Kiswahili.

Wapo watakaocheka. Watasema makasia ni kazi ya klabu ya michezo, chama cha lugha kinahusika vipi? Nasi tunawauliza: wangapi kati yetu wanajua tezi ni wapi na omo ni wapi? Foromali na demani tunazikariri kwa ajili ya mtihani, kisha tunazisahau. Bibi na babu zetu waliotoka Unguja hawakuzikariri. Walizisikia zikifanya kazi. Wakiondoka wao, nasi hatujawahi kushika kasia, maneno hayo yatabaki kwenye kamusi tu. Hata neno hori ni lile khor la Waarabu. Tunalo kinywani pande zote mbili za bahari.

Mashindano makubwa huanza kidogo. Mwaka 1829 wanafunzi wawili waliosoma skuli moja, Charles Wordsworth wa Oxford na Charles Merivale wa Cambridge, walipanga vyuo vyao vishindane kwa makasia. Walishindana Henley, mji mdogo kando ya mto Thames, na Oxford wakashinda. Watu wa Henley walipoona jinsi umati ulivyofurika, mwaka 1839 wakaanzisha mashindano yao wenyewe, ya alasiri moja tu. Leo yanachukua siku sita. Vyombo hushindana viwili viwili katika masafa ya mita 2,112, anayeshindwa anatoka, na wasimamizi wengi ni watu waliowahi kuvuta makasia wenyewe.

Tunajifunza mambo matatu hapo. Kwanza, ratiba ifuate maji. Oxford na Cambridge wanaposhindana London, saa ya kuanza hupangwa kwa kutazama maji kujaa. Hori ya Sur nayo hujaa na kupwa, kwa hiyo tutawauliza wavuvi kabla ya kuchapisha tangazo. Na iwe miezi ya baridi, si jua la Juni.

Pili, wasichana washindane tangu mwaka wa kwanza. Wanawake wa Oxford na Cambridge walingoja hadi 1927 kupata mashindano yao, na hadi 2015 kushindana siku moja na mahali pamoja na wanaume. Hatuna sababu ya kurudia kosa hilo.

Tatu, pawe na kamati moja yenye kauli moja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Wenzetu wa Ibra na Nizwa wanasema wao ni watu wa mitende na falaji, bahari hawaijui. Lakini koo ngapi za Ibra zilishuka pwani, zikapanda majahazi, zikafika Unguja? Safari zile hazikuwa za watu wa Sur peke yao. Ndiyo maana tunapendekeza kila chombo kichanganye watu wa bara na wa pwani.

Gharama tunazijua. Tunahitaji mashua mbili za kuazima, jaketi za kuokolea kwa kila mtu, boti ya injini ya kufuatia, na mtu wa huduma ya kwanza. Si mzigo wa kutushinda. Watu wa Sur walichanga wakalirejesha jahazi la Fatah al-Khair kutoka Yemen mwaka 1993, miaka 42 baada ya kuundwa hapo hapo Sur. Leo limepumzika nchi kavu, na wageni hulipiga picha. Tunalipenda, lakini hatutaki lugha yetu nayo ipumzike hivyo, itazamwe tu.

Walimu wetu, tunaomba mambo mawili: ruhusa, na mmoja wenu akubali kuwa mwenyekiti wa kamati. Wanachama, tunaomba majina. Asiyejua kuogelea aanze kujifunza sasa.