Samaki Mkubwa Naye Ahifadhiwe

Katika jimbo la Manitoba, nchini Kanada, hupita mto uitwao Red River, maarufu kwa kambare wakubwa. Upande wa chini wa bwawa la Lockport, marafiki wawili hushinda mashuani wakivua kwa mshipi. Mmoja akinasa, mwenziwe humwopoa samaki kwa wavu. Humpima, humpiga picha, kisha humrejesha majini angali hai. Si hisani tu: sheria ya huko yakataza kuchukua kambare aliyezidi sentimita 60.

Sababu yake ni wazi. Katika maji baridi ya kaskazini kambare hukua polepole, na jike mkubwa hutaga mayai mengi kuliko mdogo. Amuuaye hula mtaji, wala si faida.

Sisi wa visiwani tumezoea kuhimizwa tuwaache samaki wadogo wakue. Wito huo ni wa haki, lakini ni nusu ya kazi. Chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Tukiwamaliza wakubwa, nani atarutubisha mayai?

Hatusemi mvuvi mwenye watoto alale njaa. Twawaomba wakuu wa uvuvi wakae na wavuvi, wakubaliane kipimo cha juu cha chewa pamoja na kile cha chini, na watafute njia ili mvuvi mtiifu asiibebe hasara peke yake. Tusingoje hadi chewa wakubwa wabaki wa kusimuliwa.