Bonneville na Interceptor: Mrithi halali ni nani?

Kwa muda wa miaka kumi hivi iliyopita, soko la pikipiki duniani limekuwa likishuhudia jambo la ajabu. Ilhali wahandisi wanashindana kuunda mashine zenye kasi na vitambuzi vya kila namna, maelfu ya wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Bara Hindi wanatoa fedha zao kununua pikipiki mpya zilizoundwa makusudi zionekane kuukuu. Taa yake ni ya duara, tangi la petroli limevimba kama tone la maji, magurudumu ni ya spoki, na mabomba mawili ya moshi yanang'aa kwa kromu. Ganda la muwa la jana, walisema wahenga, chungu kaona kivuno.

Nimechagua mbili kati yazo ambazo hulinganishwa mara kwa mara: Triumph Bonneville T100 na Royal Enfield Interceptor 650. Mimi ni mwanaisimu, wala si fundi wa mitambo. Hata hivyo, ulinganisho huu unazua swali ambalo kila mwalimu wa lugha na wa historia hulikabili darasani: kitu kikirithiwa, kinachorithiwa hasa ni nini? Ni jina, ni umbo, au ni ujuzi?

Tuanze na hesabu, maana ndizo nyepesi. T100 ina injini ya silinda mbili yenye sentimita za ujazo 900. Tangu mwaka 2021 inatoa nguvu za farasi 65, na nguvu hizo huanza kuhisika mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole. Interceptor, iliyoingia sokoni mwaka 2018, ina sentimita za ujazo 648 na nguvu za farasi 47. Kwa gia Interceptor inaongoza, sita dhidi ya tano, na uzito wake ni mdogo kidogo. T100 nayo ina mtambo wa kuzuia gurudumu la nyuma kuteleza, ambao mwenzake hana, na rangi na nati zake zimetengenezwa kwa uangalifu ambao hata jicho la mgeni huuona. Lakini Interceptor ilipofika Marekani bei yake ilianzia dola 5,799, ilhali T100 wakati huo ilikuwa imepita dola 10,000. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara, tofauti hiyo pekee yatosha kumaliza mjadala.

Wapenzi wa Triumph hawakubali umalizwe hapo. Hoja yao kuu ni ya nasaba: Bonneville, wasema, ndiyo asili, na hiyo nyingine ni ya Wahindi waliojivika jina la Kiingereza. Hoja hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Triumph ilianzia Coventry, na pikipiki yake ya kwanza ni ya mwaka 1902. Mwasisi wake, Siegfried Bettmann, alikuwa Mjerumani mzaliwa wa Nuremberg. Bonneville ya kwanza ilitoka mwaka 1959, ikapewa jina la uwanda wa chumvi ulioko Utah, Marekani, ambako wanamichezo huenda kuvunja rekodi za mwendo. Kisha wakaja Wajapani. Honda ilipotoa CB750 yake ya silinda nne mwaka 1969, viwanda vya Uingereza vilikuwa vimelala usingizi wa pono. Mwaka 1973 wafanyakazi wa Triumph mjini Meriden walikizingira kiwanda chao kisifungwe, wakakiendesha kama chama cha ushirika kuanzia mwaka 1975, na hatimaye kikafa mwaka 1983. Jina lilinunuliwa na John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, aliyejenga kiwanda kipya Hinckley. Bonneville mpya ilizaliwa mwaka 2001. Nazo T100 tunazozizungumzia huundwa Thailand, katika mkoa wa Chonburi.

Royal Enfield nayo ilitoka Redditch, Uingereza, na pikipiki yake ya kwanza ni ya mwaka 1901. Mwaka 1955 ilishirikiana na kampuni ya Madras Motors kuanzisha kiwanda mjini Madras, ambao leo ni Chennai. Hapo mwanzo Wahindi walikuwa wakiunganisha tu vipuri vilivyoletwa kwa meli. Baadaye waliuziwa mitambo ya kuvitengenezea, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 walikuwa wakiunda kila kipuri wenyewe. Mzazi alifariki kule Uingereza mwaka 1970. Mtoto akaendelea kufua chuma. Pikipiki ya Bullet haijaacha kuundwa nchini humo tangu mwaka huo wa 1955. Kampuni ya Eicher iliyoimiliki kuanzia miaka ya 1990 ilifika hata kuinunua Harris Performance, mafundi mashuhuri wa fremu wa Uingereza, mwaka 2015, na kufungua kituo cha usanifu katika jimbo la Leicestershire mwaka 2017. Mtoto amerudi kumwajiri mjomba!

Je, ni nani kati ya hawa wawili ambaye kamba yake haikukatika?

Tutazame sasa umbo lenyewe. Injini za kale zilipozwa kwa upepo, na kwa ajili hiyo silinda zilizungushiwa vibapa vya chuma mfano wa mapezi ya samaki. Interceptor bado inapozwa kwa upepo ikisaidiwa na oili, kwa hivyo vibapa vyake vinafanya kazi. T100 inapozwa kwa maji. Rejeta yake imefichwa kati ya vyuma vya mbele vya fremu, na vibapa vyake kwa sehemu kubwa ni pambo. Isitoshe, petroli yake hunyunyizwa kwa mfumo wa kielektroniki, lakini vifaa vya mfumo huo vimefinyangwa vifanane na kabureta za zamani. Mwanafunzi wa isimu atalitambua jambo hili mara moja. Sisi husema tunapiga simu na kupiga pasi ingawa hakuna kinachogongwa. Umbo la kitenzi limesalia, maana yake ya awali imekwisha kuyeyuka. Sililaumu, kwa kuwa lugha zote huishi hivyo. Lakini asiyeona ila umbo asijiite mlinzi wa asili.

La kuchekesha zaidi ni sauti. Katika Bonneville ya mwaka 1959, na katika Interceptor ya miaka ya 1960 vilevile, pistoni mbili zilipanda na kushuka pamoja, na milipuko ikafuatana kwa vipindi vilivyo sawa. Mashine hizi mbili za leo zimepangwa kwa pembe ya digrii 270, hata mdundo wake ni wa kuchechemea kidogo. Mpango huo uliletwa sokoni na Yamaha katika TRX850 ya mwaka 1995. Basi mwungwana anayefumba macho na kusikiliza Uingereza ya ujana wake anasikiliza Japani.

Kwa hayo yote, lau ningelazimishwa kuchagua ningeichukua Interceptor, huku nikikiri kwamba T100 ina nguvu zaidi na imekamilika zaidi. Naichukua kwa kuwa kilichorithiwa Chennai ni kazi ya mikono.

Mkenya atauliza jambo hili lamhusu nini. Mwaka 2023 Triumph ilitoa Speed 400, pikipiki ndogo yenye sura iyo hiyo ya kale, na inaundwa India na Bajaj, kampuni ile ile iliyotupa Boxer iliyoenea katika vituo vyetu vya bodaboda. Sisi pia tuna viwanda vya kuunganisha pikipiki kutokana na vipuri vya meli. Madras ilikaa katika hatua hiyo kwa miaka michache tu. Walimu wa vyuo vyetu vya ufundi wanastahili kuelezwa ni mwaka gani tunatarajia kuitoka, na ni kipuri gani kitatangulia.

Nao wakati hausubiri. Jijini Nairobi zimeingia bodaboda za umeme, zisizotoa hata chembe ya ile sauti iliyolizaa neno pikipiki, na bado twaziita pikipiki. Royal Enfield wenyewe walionyesha mwezi Novemba 2024 pikipiki ya umeme waliyoipa jina la Flying Flea, jina la kipikipiki chao kilichodondoshwa kwa parachuti wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kasha la betri yake lina vibapa vya kupozea.