Njia ya Bahari na Siku ya Akiba



Kila mwezi wa Desemba unapokaribia, waamini wa huku Pemba na ndugu zao wa bara hutuuliza swali lile lile: njia ipi ya bahari iliyo bora? Msafiri ashukie Mkoani au Wete? Apitie Unguja, au avuke moja kwa moja kutoka Tanga? Apande boti iendayo kasi au meli ya nauli nafuu? Tafakari ya wiki hii tunaitoa kwa swali hilo, kwa maana ni swali la uhai wa watu. Jibu letu tunalitanguliza mapema: msafiri wa visiwani yampasa achague kwanza siku, kisha chombo, kisha bandari, na nauli aitazame mwisho. Wengi huanza na nauli, wakamaliza na siku, tena siku yenyewe wamekwisha kupangiwa na watu wengine.

Tuanze na jiografia yetu. Anayeishi Vitongoji anayo bahari mlangoni, lakini si bahari ya kusafiria. Upande huu wa mashariki tunatazamana na bahari kuu na miamba yake, na meli za abiria haziji huku. Kwa hiyo safari yetu huanza kwa kuipa bahari kisogo. Tunakwenda Chake Chake, na kutoka hapo ama tunashuka kusini hadi Mkoani, mwendo wa kilomita 30 hivi, ama tunapanda kaskazini hadi Wete, mwendo unaokaribiana na huo. Mkoani ina maji ya kina, na ndiyo bandari kuu ya abiria. Wete imekingwa na visiwa vidogo, na tangu zamani imezoeana na majahazi. Anayekwenda bara ana njia mbili: ile ndefu ya kupitia Unguja hadi Dar es Salaam, na ile fupi ya kukata Mlango wa Pemba kuelekea Tanga. Mwenye uwezo zaidi huenda uwanja wa ndege.

Kwenye ramani jambo hili ni jepesi. Kutoka ncha ya kaskazini ya Unguja hadi kusini mwa Pemba ni kilomita 50 hivi, na kutoka Pemba hadi bara ni karibu kiasi hicho hicho. Lakini ramani haioneshi upepo, wala haioneshi mkondo. Katika pwani yetu mkondo wa bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, na hupata nguvu zaidi wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, huja ukitokea upande ule ambako mkondo unaelekea. Upepo na mkondo vikikabiliana, mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama wima, na chombo hupigwa usoni. Hapo Nungwi, mahali ambapo msafiri hutoka kwenye kivuli cha kisiwa na kuingia maji ya wazi, mabaharia wote huongeza uangalifu. Mwanzoni mwa Januari 2014, katika msimu wa kaskazi, boti iliyokuwa ikitoka Pemba kwenda Unguja ilipigwa na mawimbi karibu na Nungwi, nayo yakawafagia baharini abiria waliokuwa sitahani. Boti yenyewe haikuzama, ilifika bandarini. Waliopotea walikuwa wamepanda chombo kizima, katika njia ya kila siku.

Ndiyo maana tunasema siku hutangulia chombo. Chombo kizuri katika siku mbaya ni hatari, na njia fupi katika siku mbaya haina faida ya ufupi wake.

Hata hivyo chombo nacho kina historia yake, na abiria ana haki ya kuiuliza. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba. Meli ile ilijengwa Ugiriki mwaka 1967, ikawahudumia watu wa visiwa vya huko kwa miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Ilikuwa na kibali cha abiria 600 na ushei. Tume iliyoundwa baadaye ilikuta kwamba usiku ule ilibeba watu zaidi ya 2,000, na kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Miili iliyopatikana ilikuwa 203 tu. Kabla ya mwaka kupita, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na zaidi ya watu 100 wakafa au kupotea. Hiyo ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington. Ikaletwa kukabiliana na kusi ya Julai.

Kisiwani hapa ni vigumu kuipata familia isiyomjua mmoja wa waliopotea mwaka ule wa 2011. Wakristo na Waislamu tulilia pamoja. Kwa heshima ya marehemu hao tunaomba ruhusa ya kusema neno juu ya methali mbili ambazo husikika kila baada ya msiba wa bahari. Ya kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Ya pili ni kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Methali hizi zinamfaa mfiwa anayehitaji kutua mzigo wa kujilaumu. Hazimfai mwenye chombo, wala mkaguzi, wala msafiri aliye bado gatini na tiketi mkononi. Kujaza watu mara tatu ya kibali si ajali, ni uamuzi wa mtu. Na uamuzi una kinga. Magazeti ya siku zile yalieleza kwamba walikuwapo watu waliofika bandarini, wakaiona meli imeelemewa, wakakataa kupanda. Hao ndio walimu wetu katika jambo hili. Walipoteza nauli na usiku mmoja.

Tuitazame Ugiriki yenyewe, ambako meli ile ilitoka. Nchi ile ina visiwa vingi, na watu wake huishi kwa meli kama sisi. Nao wana misiba yao: tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Paros, ikaua watu zaidi ya 80. Hatusemi basi kwamba wao ni wema kuliko sisi. Tunasema kwamba wanayo desturi moja ya kuigwa. Upepo ukizidi kiwango kilichowekwa, mamlaka ya bandari huzuia meli kung’oa nanga, na abiria wa Piraeus hurudi mjini kulala. Wenyeji hawashangai. Hata mgeni anayetembea visiwani huko hushauriwa asirudi Athens siku ile ile ya ndege yake ya kwenda kwao, bali aweke siku moja katikati, ili bahari ikichafuka asilazimike kugombana nayo. Siku hiyo moja tuiite siku ya akiba. Si anasa, ni sehemu ya safari, sawa na tiketi.

Bahari hiyo hiyo ya Mediteranea ndiyo iliyomvunjia Mtume Paulo merikebu, kama inavyosimuliwa katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Wengi tunakumbuka dhoruba na kuokoka kwa wote 276. Tunasahau kikao kilichotangulia dhoruba. Merikebu ilikuwa imetia nanga kisiwani Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, na majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha kupita. Paulo alionya kwamba wakiendelea watapata hasara. Lakini akida Yulio alimsikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Bandari haikuwafaa kwa kukaa wakati wa baridi, na walio wengi wakaona heri waendelee. Ukavuma upepo mwanana wa kusini, wakadhani mambo yamewanyokea.

Tuzingatie walichokipata. Walikataa kungoja Krete, wakangoja miezi mitatu Malta, bila merikebu na bila shehena. Kungoja hakukuepukika hata kidogo. Kilichobadilika ni gharama yake. Tena uamuzi ulipitishwa na wenye mzigo na wenye haraka, na kura ya wengi haikuituliza bahari. Mungu aliwaokoa, naam. Lakini alikuwa amekwisha kusema nao kwa kinywa cha Paulo wangali bandarini, na onyo lile pia lilikuwa wokovu. Kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kusikiliza.

Hapa baadhi yenu mtatujibu, na jibu lenu ni la haki: siku ya akiba ina bei. Mama mwenye watoto watatu aliyepiga hesabu ya nauli hadi shilingi ya mwisho atalala wapi Unguja akiahirisha safari? Atakula nini? Mfanyakazi ambaye likizo yake inakwisha Jumapili atamwambia nini mkuu wake Jumatatu? Tumezoea kusema kwamba mchelea bahari si msafiri, lakini mara nyingi anayepanda chombo kilichojaa hapandi kwa ushujaa. Anapanda kwa sababu hana pa kulala.

Kwa hiyo hatuwezi kumwachia msafiri maskini jambo hili peke yake. Wanaochagua njia ya bahari ni wengi kuliko wanaopanda meli. Anayepanga harusi ya Jumamosi na kuwataka wageni wa bara wafike Ijumaa jioni amekwisha kuwachagulia chombo. Wanaopanga arobaini, kipaimara, mkutano wa kanda au kikao cha vyama vya kitume wamewachagulia wenzao upepo, bila hata kuutazama. Mwajiri asiyemwamini mtu aliyekwama bandarini anamsukuma kwenye ngazi ya meli. Sisi mapadre tumo katika orodha hiyo, maana kalenda za parokia huandikwa mezani, mbali na gati.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, shughuli yoyote inayowaita watu kuvuka bahari iwekewe siku ya akiba kabla na baada, na waalikwa waambiwe waziwazi kwamba atakayezuiwa na bahari hatahesabiwa kuwa amedharau mwaliko. Miezi ya upepo mkali, tuwaite watu wachache. Pili, jumuiya ndogo ndogo za Unguja, Tanga na Dar es Salaam, pamoja na zetu za huku Pemba, ziwe na nyumba mbili tatu zinazojulikana ambamo msafiri aliyekwama, wa dini yoyote, atapata mkeka, chai na usiku mmoja wa amani. Jambo hili halihitaji mfadhili. Tatu, tusimcheke anayerudi nyumbani na mizigo yake kwa sababu hakuridhika na chombo. Tumpokee kama mtu aliyetenda jema.

Na wewe unayesafiri, fanya yaliyo katika uwezo wako. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari. Usikilize kabla ya kukata tiketi, na uusikilize tena asubuhi ya safari. Ukiwa na hiari, safiri mchana. Hakikisha jina lako na la kila mtoto limeandikwa katika orodha ya abiria, maana mwaka 2011 hakuna aliyeweza kusema mara moja ni wangapi walikuwa ndani. Usisafiri kwa tiketi yenye jina la mtu mwingine, kwani ukipotea, atatafutwa yeye. Ukishapanda, tazama majaketi ya kujiokolea yalipo kabla ya kutazama pa kukaa. Bahari ikichafuka, ondoka sitahani. Na chombo kikijaa kupita kiasi, shuka wakati kamba ingali imefungwa. Kufika Wete badala ya Mkoani, au kupitia Tanga badala ya Unguja, yote hayo yatatengenezeka kwa gari. Saa tano za kupoteza barabarani si hasara.

Wapo wasioweza kungoja: mgonjwa anayepelekwa hospitali kubwa, mama mwenye uzazi mgumu. Kwa ajili ya hao tunaendelea kuiomba Serikali iongeze vyombo imara na kusimamia kibali cha kila safari bila upendeleo. Ununuzi wa MV Mapinduzi II mwaka 2015 ulionesha kwamba jambo hilo linawezekana. Lakini sisi wengine, tunaokwenda kucheza ngoma, kula pilau na kusalimiana, tunao uwezo wa kungoja. Tukiutumia, tutawapunguzia wale wasioweza msongamano wa gatini.

Katika majuma haya ambapo wengi mnapanga safari za sikukuu, kaeni na ndugu zenu, fungueni kalenda, wekeni siku ya akiba kabla hamjaandika siku ya harusi. Aliye ng’ambo apigiwe simu leo aambiwe: njoo bahari itakapokuruhusu, chakula chako tutakiweka.

Mungu awalinde safarini, na awafikishe salama.