Chini ya Boneti, Morogoro

Gari linaloshuka na kabichi kutoka Mgeta halifichi lilikotoka. Likifunguliwa boneti, vumbi jekundu la Uluguru limegandana na oili, na fundi hajui aanzie wapi kutafuta uvujaji.

Wengi hukimbilia mashine ya presha. Inasafisha haraka, lakini maji yake hupenya kwenye soketi za nyaya, koili za plagi na altaneta. Gari lililoingia likiunguruma vizuri linaweza kutoka likikohoa.

Kazi ya mkono ni ya polepole, ila ina utaratibu wake. Injini ipoe kwanza. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Altaneta, sanduku la fyuzi na njia ya kuingizia hewa vifunikwe kwa nailoni. Kisha ni brashi, sabuni ya maji na kitambaa kilichokamuliwa. Petroli hukata grisi upesi, lakini mvuke wake huwaka kwa cheche moja tu, hivyo haifai. Injini ikishakuwa safi, oili mpya ikitokeza kwenye gasketi ya kifuniko cha vali huonekana mapema.

Halafu kuna mto, ambako maji machafu ya kuoshea injini yanaweza kuishia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Anayetumia ndoo na matambara anaweza kukusanya oili yake kwenye debe. Wa mashine huiachia mtaro.