Si joto la Garissa liliua samaki wangu
Wasee, nililetewa samaki wawili kutoka Mombasa tangi likiwa halijamaliza hata wiki. Siku ya nne wote wakaelea. Mtaa mzima ukasema ni joto. Si joto, walahi. Ni haraka yangu.

Tangi jipya halina bakteria. Kinyesi na chakula kilichooza vinatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza naitraiti, sumu pia, wengine ndio wanaifanya naitreti, afadhali hiyo. Kuzaana kwao kunachukua wiki nne hadi sita. Weka mawe, maji yenye gramu 35 za chumvi ya akwaria kwa lita (si ya kupikia, tafadhali), kipande cha kamba mbichi kioze humo, halafu pima. Amonia na naitraiti zikishapanda, zikarudi sifuri, leta samaki. Mmoja.

Joto nalo lipo, sikatai. Feni ipulize juu ya maji, na yakipungua ongeza maji matamu, chumvi haipandi na mvuke.

Kinachoniuma ni kwamba samaki hawa wengi huvuliwa kwenye matumbawe yetu ya Pwani. Wangu wawili hawarudi huko.

Sasa niko wiki ya tatu, mawe na maji tu. Kila asubuhi mamangu anauliza samaki wako wapi.